Tawakali na Sufuria Iliyozibwa

Katika mji wa Hyderabad, kusini mwa Bara Hindi, hupikwa biriani ambayo sisi watu wa pwani, tuliozoea kupika mchuzi mbali na wali mbali, hatuna budi kuistaajabia: nyama mbichi, iliyolazwa katika mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi la kuilainisha, hutandazwa chini ya sufuria, juu yake ukamiminwa mchele uliochemshwa nusu, kisha kifuniko kikazibwa kwa unga uliokandwa, na tangu saa ile mpishi hana jicho la kuona wala mwiko wa kukoroga.

Hapo ndipo lizukapo suali la kadari. Nyama ikitoka mbichi, au ukoko ukaungua hata harufu ikafika kwa jirani, wako wasemao kwamba ndivyo ilivyoandikwa, nao hudhani wamesema neno la dini. Mimi naona kauli hiyo ina uvivu ndani yake. Nani aliyeacha makaa mengi chini na machache juu ya kifuniko, na nani aliyeuchemsha mchele kupita kiasi, ukageuka bokoboko kabla nyama haijaiva? Tawakali ya haki huanza baada ya kifuniko kuzibwa, si kabla. Na aliyetimiza yote yaliyo mkononi mwake, kisha akaharibikiwa, hana lawama mbele ya Mola wala, natumai, mbele ya wageni, ijapokuwa wageni wenye njaa si wepesi wa kusamehe. Ama yule abanduaye kifuniko kila mara ili achungulie, shaka yake humpotezea mvuke, na mvuke ndio uivishao nyama.