Mbwa, Twahara na Wajibu katika Nyumba za Kindu

Kufaa kwa mbwa kuishi na familia hutegemea mambo mawili: tabia aliyozaliwa nayo, na wajibu ambao wenye nyumba wamekubali kuubeba kwa ajili yake. Wafugaji wameandika sana juu ya jambo la kwanza. Juu ya la pili, dini ndizo zilizosema mapema zaidi na kwa undani zaidi. Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, ni mahali pazuri pa kuyatazama yote mawili kwa pamoja. Mji huo umekaa kandokando ya mto Lualaba, Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli ng'ambo ya mashariki. Maniema ni ngome ya zamani ya Uislamu nchini Kongo tangu wafanyabiashara wa Unguja na Tabora walipofika Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19, na Kindu ni pia makao ya jimbo la Kikatoliki. Muislamu, Mkatoliki, Mprotestanti na Mkimbangu hupakana ua kwa ua, na mbwa wa mmoja hupita kwa wote. Hukumu ya nyumba moja juu ya mbwa huwagusa majirani wote.

Mbwa wa kawaida wa Maniema ni wa mbegu ya nyumbani: mwembamba, mwenye nywele fupi, mwepesi wa miguu. Ndugu yake wa karibu anajulikana duniani kwa jina la Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo aliyepelekwa Uingereza na kuzaliana huko kuanzia mwaka 1937. Miaka ya 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walirudi hadi nchi hii, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya, kwa sababu mbwa wachache walioanzisha ukoo huo ng'ambo walikuwa wameuachia maradhi ya figo ya kurithi. Basenji dume husimama kama sentimita 43 begani na uzito wake ni kama kilo 11. Habweki kama mbwa wengine, ingawa ana milio yake. Ndiyo maana wawindaji wa msituni humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua alipo anapowasukuma wanyama kuelekea nyavuni. Hujilamba na kujisafisha kama paka. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi ambao hupata mara mbili. Huwashikilia watu wake na kujitenga na wageni, huamua mambo kwa akili yake, na hatii amri kwa wepesi. Watoto aliokua nao huwavumilia vizuri. Kuku na vitoto vya mbuzi ni habari nyingine, kwa kuwa silka yake ni kukimbiza chochote kinachokimbia. Kwa maisha ya uani, yenye watu wengi wanaoingia na kutoka, ni vigumu kupata tabia inayofaa zaidi, mradi kuku wafungiwe.

Mbwa wa Dalmatia, yule mweupe mwenye madoadoa meusi au ya hudhurungi, ni mfano wa upande wa pili. Asili yake inahesabiwa kuwa Kroatia, na huko Uingereza alifugwa ili akimbie kando ya magari ya farasi na kuyalinda. Kazi hiyo ndiyo inayoeleza tabia yake: ana nguvu zisizokwisha, anataka mwendo mrefu kila siku, anampenda sana mtu wake, na akiachwa peke yake amefungwa hubomoa vitu kwa uchovu wa kukaa bure. Filamu ya katuni ya mwaka 1961 na ile ya waigizaji ya mwaka 1996 zilimfanya apendwe na watu wengi ambao hawakujua kwamba uzuri wake una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mbwa mwenyewe. Hali ya kurithi inayompa weupe huhusiana na uziwi. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba karibu asilimia 8 ya mbwa hao hawasikii kabisa na asilimia 22 hivi husikia kwa sikio moja tu. Kiziwi akishtuliwa usingizini na mtoto anaweza kuuma bila ubaya wowote moyoni. Zaidi ya hayo, karibu mbegu yote ilirithi kasoro inayojaza mkojo wake asidi ya yuriki, ambayo huweza kuwa vijiwe kibofuni. Mbwa wa namna hii hafai kulishwa maini na dagaa kila siku, na lazima awe na maji mengi mbele yake wakati wote. Katika mji ambako samaki wa mtoni, dagaa wakavu na makombo ya ugali ndiyo chakula cha mbwa, na ambako jua la ikweta huichoma ngozi nyeupe, kumleta mbwa wa Dalmatia ni kumtwika mzigo ambao hakuuchagua.

Hapo ndipo swali linapotoka kwenye ufugaji na kuingia kwenye maadili. Tabia na maradhi ya mbwa huyu yametengenezwa na kupenda kwa watu. Waliochagua madoadoa kizazi baada ya kizazi walichagua pia, bila kujua kwanza na baadaye wakijua, masikio yaliyokufa na kibofu chenye vijiwe. Kwamba jambo hilo lingeweza kurekebishwa kunathibitishwa na historia: mwaka 1973 mbwa wa Dalmatia alipandishwa mara moja na mbwa wa uwindaji aina ya Pointer, na watoto waliofuata, wakiendelea kuzalishwa na Dalmatia halisi, wakabaki na sura ile ile huku wakiwa na mkojo wa kawaida. Chama kikuu cha Marekani cha kuandikisha mbwa wa mbegu kilikubali ukoo huo kikamilifu mwaka 2011 tu. Kwa miaka karibu arobaini usafi wa nasaba uliwekwa mbele ya afya ya kiumbe. Uamuzi wa aina hiyo hauwezi kutetewa kwa hoja yoyote nzito ya falsafa.

Wanafalsafa wenyewe hawakukubaliana juu ya nini mnyama anadai. Immanuel Kant, katika karne ya 18, alifundisha kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Hata hivyo alisema mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa mpaka afe, kwa kuwa anayemtupa huuharibu ubinadamu ulio ndani yake mwenyewe. Padre Placide Tempels, aliyeishi na Waluba wa Katanga na kuchapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu huko Élisabethville mwaka 1945, alieleza ulimwengu wenye ngazi za nguvu, ambamo wanyama wako chini ya mtu na nguvu zao zipo ili kuukuza uhai wake. Katika mipango yote miwili mbwa ni kiumbe cha chini. Lakini hata katika mpango wa Tempels kitu chenye nguvu ya uhai hakiharibiwi ovyo, na wawindaji wa Maniema wanajua kwamba mbwa aliyevunjwa kwa njaa na fimbo hana cha kumpa mtu.

Kwa Waislamu wa Kindu jambo la kwanza linalotajwa ni najisi. Madhehebu yaliyofika Maniema kutoka pwani ni ya Shafi, na kwa Imamu Shafi mbwa ni najisi mwili mzima. Kilichoguswa na mate yake au na mwili wake ukiwa na unyevu huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Msingi wake ni hadithi sahihi juu ya chombo kilicholambwa na mbwa. Wahanafi husema najisi ni mate, mwili sivyo. Imamu Malik alikwenda mbali zaidi: kwake mbwa ni twahara, na kuosha chombo ni ibada inayofuatwa bila kuuliza sababu. Hoja yake iliitegemea Sura Al-Maida, aya ya 4, inayoruhusu kuliwa windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa. Ikiwa nyama iliyoshikwa kwa meno yake inaliwa, mate yake yatakuwaje najisi?

Tofauti hizo ni za elimu, na kila muumini hufuata madhehebu yake kwa heshima. Linalopaswa kuonekana wazi ni kwamba hakuna hata moja kati yazo inayozungumzia thamani ya mbwa. Najisi ni hukumu ya sala na vyombo: inamwambia mtu aoshe nini kabla ya kusimama mbele ya Mola wake. Damu ya binadamu inayotiririka nayo ni najisi katika fikihi, wala hakuna anayesema kwamba mwenye kidonda adharauliwe. Mbwa mkavu anayepita uani hamchafui mtu mwenye nguo kavu hata kwa kauli kali ya Washafi. Mtoto wa Mikelenge anayemtupia mbwa mawe kwa kuwa ameambiwa ni najisi amefundishwa nusu ya somo, na waliomfundisha ndio wanaodaiwa nusu iliyobaki.

Ufugaji wenyewe una hukumu yake. Hadithi inasema anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wa kuchunga au wa kulinda shamba hupungukiwa na thawabu kila siku. Imamu Nawawi, mfafanuzi mkubwa wa hadithi katika madhehebu ya Shafi, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mbwa wa kulinda nyumba pia anaruhusiwa kwa kulinganishwa na hao watatu, kwa kuwa haja ni moja. Kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, mwanachuoni Khattabi alisema hadithi hiyo inamhusu mbwa ambaye kumfuga hakuruhusiwi, na Nawawi akaona inawahusu mbwa wote. Njia inayotoshelea kauli zote mbili ni rahisi kwa nyumba za Kindu: mbwa hulala kibandani uani, ana chombo chake mwenyewe, na haingii vyumbani. Katika Sura Al-Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ananyoosha miguu yake kizingitini, na huko ndiko alikotajwa kwa heshima pamoja nao.

Haki za mbwa aliyefugwa ni sehemu ya sharia ambayo husahaulika kuliko zote. Al-Izz bin Abdussalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki Misri mwaka 1262, aliandika wazi haki za mnyama juu ya mwenye naye: amgharimie hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, asimbebeshe asichokiweza, asimweke pamoja na kitakachomdhuru. Huyu ni mtu wa madhehebu yale yale yanayohesabu mbwa kuwa najisi mwili mzima. Pamoja naye kuna hadithi ya aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo wenye unyevu kwa kiu, naye akasamehewa dhambi. Kiumbe ambaye mate yake huoshwa mara saba ndiye aliyekuwa sababu ya msamaha. Hukumu hizo mbili zinakaa pamoja bila kugongana, na elimu inayotolewa Maniema ingepaswa kuzifundisha kwa pamoja.

Wakristo wa mji huo hawana hukumu ya twahara juu ya mbwa, na pengine kwa sababu hiyo wameandika machache juu yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema wanyama wanadaiwa wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila haja hakupatani na hadhi ya binadamu. Inaonya pia dhidi ya kuwapa mapenzi yanayostahili watu peke yao, au fedha ambazo zingewafaa maskini kwanza. Onyo hilo lina uzito Kindu, ambako familia nyingi zinahesabu mlo wa siku. Halimnyimi mbwa chakula; linazuia fahari. Anayeagiza mbwa wa mbegu ya kigeni kwa ajili ya sifa, huku watoto wa jirani hawana karo, ndiye anayeonywa moja kwa moja.

Kati ya wajibu wote, chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo inayogusa uhai wa watu. Karibu maambukizi yote ya ugonjwa huo kwa binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Aliyeumwa anatakiwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Mwenye mbwa ambaye hajamchanja, akijua kwamba mbwa huyo huzunguka mtaani, amewaweka watoto wa watu hatarini, na katika dini zote mbili hilo ni deni la mtu kwa mtu kabla ya kuwa jambo la mnyama. Muislamu aliye na shaka ya kumshika mbwa wakati wa sindano anaruhusiwa kumshika na kuosha mikono baadaye. Haja huondoa ugumu.

Watoto nao wana la kujifunza: kutomgusa mbwa anayekula, kutomwamsha kwa kumvuta, kutomkaribia jike mwenye watoto. Mbwa wa nyumbani aliyezoezwa na watu tangu wiki zake za kwanza huwa mtulivu. Aliyefungwa mnyororo mfupi tangu udogoni huwa mkali kwa woga. Ukali huo hupendwa na wanaotaka mlinzi, lakini mbwa aliyejaa woga humuuma mtoto wa nyumba upesi kama anavyomuuma mwizi.

Ikitokea mbwa hapatani na nyumba, kwa kuwa amezidi nguvu, au ni kiziwi, au amewamaliza kuku, sharia haimruhusu mwenye naye kumpeleka msituni au sokoni na kumwacha, maana huko ni kumweka mahali patakapomdhuru. Anaweza kumpa mtu aliye na kazi naye, mwindaji wa Kailo au mwenye shamba la mpunga ng'ambo ya Alunguli, akimweleza kasoro zake zote. Asipompata, anabaki naye, kwa maji na chakula, hata katika uzee usio na faida, kama Al-Izz alivyoandika.