Mpangaji Nambari Saba

Korti moja yenye nyumba 24 huko Loresho, upande unaoteremka kuelekea Kangemi, iliagiza mfumo wa kupokea ada ya maji na ulinzi. Mweka hazina wa wakazi, mwalimu mstaafu, alikuwa amechoka kunakili risiti za M-Pesa kwenye daftari. Kijana mmoja anayejua PHP akaahidi kwamba kila shilingi itakayoingia kwa Paybill itaandikwa papo hapo kwenye akaunti ya aliyeilipa. Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya mafunzo. Kosa lililomo halikutungwa, na aliyewahi kujenga tovuti ya kukusanya pesa za watu atalitambua.

Hifadhidata yenyewe ilikuwa ndogo na safi. Jedwali la wapangaji lilikuwa na safuwima nne: id, jina, simu na nyumba_id. La nyumba lilikuwa na tatu: id, lango na mita. Mlipaji aliandika nambari ya lango lake, tuseme A7, mahali pa nambari ya akaunti. Programu iliitafuta nyumba hiyo, ikaunganisha majedwali mawili kwa JOIN, kisha ikamwandikia malipo mpangaji aliyepatikana. Kijana aliandika SELECT *, akachukua jibu kwa mysqli_fetch_array, na ndani ya arei hiyo akasoma $mstari['id'].

JOIN hiyo hurudisha safuwima saba, na mbili kati yake zinaitwa id: ya mpangaji na ya nyumba. Hifadhidata hailalamiki, kwa sababu kwake kila safuwima ina nafasi yake hata majina yakifanana. Arei inayotumia majina kama funguo haina uwezo huo. Ufunguo mmoja hushika thamani moja, na PHP ikikutana na jina lilelile kwa mara ya pili, thamani ya mwisho huifuta ya kwanza. Jedwali la nyumba lilitajwa la pili, basi id iliyosalia ilikuwa ya nyumba. Hakuna onyo linalotolewa, maana kwa PHP hilo si kosa. Mwongozo wake unasema waziwazi kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Na bado majaribio yote yalipita. Wapangaji walikuwa wameandikishwa siku moja, mlango baada ya mlango, kuanzia A1. Aliyekaa nyumba ya kwanza akapewa id 1, wa pili 2, hivyo hivyo hadi 24. Mfumo ulisoma id ya nyumba ukidhani ni ya mpangaji tangu siku ya kwanza, lakini jibu la makosa na jibu sahihi lilikuwa nambari moja. Data ya majaribio iliyopangika mno kuliko maisha ya watu huficha mengi, na ningependa wanaofundisha vijana wetu programu walikazie hili kuliko wanavyokazia mpangilio wa mabano.

Kisha mpangaji wa A7 akahama. Rekodi yake ilibaki kwa ajili ya historia, ila nyumba_id yake ikaachwa tupu. Akaingia muuguzi wa zamu za usiku, naye akapewa id 25. Mwisho wa mwezi alilipa, akapata ujumbe wenye msimbo wa risiti wa herufi na tarakimu 10. Programu ikapata A7, ikasoma id, ikaona 7, na pesa zikaandikwa kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Orodha ya wadaiwa ilipochapishwa, muuguzi alikuwemo kama mtu asiyelipa hata shilingi. Msimamizi wa korti akafuata karatasi, akafunga koki ya A7. Katika mji wenye mgao wa maji, mwanamke ametoka kazini alfajiri, amefungua mfereji, umekauka. Akaenda moja kwa moja kwa mweka hazina na simu mkononi.

Mwalimu alilinganisha risiti na taarifa ya benki, halafu akampigia kijana.

“Kijana wangu, jumla ya pesa zilizoingia ni sawa na za benki. Sasa za A7 zimekwenda kwa nani?”

“Mwalimu, nimeangalia. Mfumo hauonyeshi hitilafu yoyote.”

“Sikukuuliza habari za hitilafu, mwanangu. Nimekuuliza pesa za huyu dada ziko kwa nani.”

Swali hilo ndilo ambalo kijana alipaswa kujiuliza kabla ya kukabidhi kazi. Alifungua faili, akaweka print_r mara tu baada ya kuchukua mstari, akaona sehemu hii:

[0] => 25
[id] => 7

Mysqli_fetch_array, usipoiagiza vingine, hukupa kila thamani mara mbili: kwa nambari ya nafasi na kwa jina. Kwa hiyo id ya muuguzi, iliyofutwa kwa jina, ilikuwa bado imekaa kwenye nafasi ya sifuri. Ukweli na uongo vilipangwa mistari miwili inayofuatana, na dakika moja ya kutazama ingetosha kuviona.

Kijana alitaka kusoma $mstari[0] na kumaliza kazi. Hilo lingehamisha tu tatizo. Siku ambayo mtu atageuza mpangilio wa majedwali au kuongeza safuwima mwanzoni, sifuri itamaanisha kitu kingine, na itafanya hivyo kimya kimya vilevile. Dawa ni kutaja unachotaka: SELECT wapangaji.id AS mpangaji_id, nyumba.id AS id_ya_nyumba, nyumba.lango, kisha kuchukua mstari kwa MYSQLI_ASSOC ili arei ibaki na majina peke yake. Kuhamia PDO bila kubadilisha swali hakusaidii, kwani nayo hufuta vilevile, ingawa ina hali ya FETCH_NAMED inayokusanya thamani za jina moja kwenye arei ya ndani. Hata watumiaji wa maktaba ya mysql kwenye Node wana shida hiyohiyo, na ndiyo sababu waliwekewa chaguo la nestTables.

Mimi lawama kubwa naiweka kwa SELECT *. Kazi ya zamani ya mysql_fetch_array iliondolewa kabisa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, lakini mazoea yaliyofundishwa pamoja nayo yalihamia mysqli bila kuguswa: omba kila kitu, pokea kila kitu, chagua baadaye. Anayetaja safuwima zake moja moja hulazimika kuona kwamba ameandika id mara mbili.

Mwalimu hakuwa amemaliza. “Na A1 je? Najua huchelewa kulipa. Mbona sijawahi kumwona kwenye orodha?” Kijana akarudi kwenye ukurasa wa wadaiwa. Kabla ya mzunguko wa while alikuwa ameita mysqli_fetch_array mara moja ndani ya if, ili kujua kama kuna mdaiwa yeyote. Kila mwito wa kazi hiyo huchukua mstari mmoja na kusogea mbele, haurudi nyuma. Mstari wa kwanza ulichukuliwa kwa ukaguzi, ukatupwa, na while ikaanzia wa pili. Orodha ilipangwa kwa nambari ya lango, basi kila A1 alipodaiwa, yeye ndiye aliyemezwa. Mysqli_num_rows ingejibu swali la if bila kugusa mstari hata mmoja.

Palikuwa pia na mysqli_fetch_all kwenye ripoti ya mwaka, inayobeba matokeo yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo. Kwa nyumba 24 haidhuru. Kwa kampuni yenye maelfu ya mita, kikomo cha kawaida cha PHP cha megabaiti 128 kinaweza kufikiwa na ripoti ikakatika katikati.

Muuguzi alirudishiwa maji siku hiyohiyo na jina lake likafutwa kwenye orodha, jambo ambalo Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa haki ya kulidai: data ya mtu iwe sahihi, na ya uongo irekebishwe. Kilichookoa hesabu ni kwamba jedwali la malipo lilihifadhi nambari ya lango kama mlipaji alivyoiandika, pamoja na msimbo wa risiti na tarehe. Kwa vitu hivyo kijana aliyapitia malipo yote upya na kumrudishia kila mtu haki yake, Mwalimu akikagua kwa daftari. Katika hifadhidata ya majaribio, id za wapangaji sasa zinaanzia 1001 na za nyumba 1, na mpangaji mmoja huhamishwa nyumba mara mbili kabla ya malipo ya kwanza kuingizwa.