Haki ya Mtoto Katika Dawa, na Deni Lionekanalo Uzeeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Huulizwa barazani: mtoto aliugua, na babake asimtafutie dawa hali ya kuwa aliweza, kisha mtoto akapoa mwenyewe, akakua, akaoa, akazeeka, na katika uzee wake akapofuka kwa maradhi yale yale ya utotoni. Je, ana haki yoyote juu ya baba aliyekwisha kuzikwa? Wengi hujibu upesi kuwa hana, kwani mtoto alipoa. Jawabu hilo lataka kutazamwa.

Mfano wake ni vikope. Haya ni maradhi ya macho yaletwayo na kijidudu kipitacho jicho hata jicho kwa vidole, kwa nguo ya kupangusia uso, na kwa nzi. Hushika zaidi watoto wadogo, tena si mara moja. Macho huwasha na kutoka tongo, kisha hutulia. Mama hushukuru, baba husahau. Lakini kila yarejeapo huacha kovu ndani ya kigubiko cha jicho. Makovu yakizidi, kigubiko hujikunja kwa ndani baada ya miaka mingi, na kope zikawa zakwangua kioo cha jicho kila mtu apepesapo, hata nuru ikapotea. Dawa yake utotoni ni marhamu ya tetrasaiklini au azithromaisini ya kumeza, na kinga yake kubwa ni kunawa uso. Ajabu ni kuwa katika nyumba ambayo wakubwa hutawadha mara tano kwa siku, mtoto wa miaka mitatu huachwa na tongo zake hata adhuhuri, kwa kuwa sala haijamfaridhia!

Wala si balaa lisiloshindika. Oman, ambako jamaa wengi wa pwani hii wana asili na ndugu, ilisumbuliwa sana na vikope. Na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliikiri kuwa nchi ya kwanza ulimwenguni kuviondoa visiwe tena balaa la umma.

Koo nalo lina khabari kama hiyo. Mtoto huumwa koo kwa bakteria, akapoa kwa siku chache. Lakini baadhi yao hufuatiwa na homa ya viungo ambayo huharibu vali za moyo. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingaliikata njia hiyo. Aliyeikosa huenda asiufikie uzee, au akaufikia akihema kwa kupanda ngazi za msikiti.

Ama hukumu, katika Minhaj ya Imam Nawawi nafaqa ya jamaa haina kipimo maalumu, bali ni kadiri ya kumtosha. Na washereheshaji wakaingiza humo ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Kisha nafaqa hii ikipitwa na wakati wake huanguka, wala haiwi deni ila kwa amri ya kadhi. Sababu yake ni kuwa imewekwa kwa kukidhi haja, na haja ya jana imekwisha pita. Aliyelala na njaa jana, leo hadai chakula cha jana. Kwa hivyo mzee yule kipofu akienda kwa kadhi hatapata kitu katika tirka ya babake, na kadhi atakuwa amehukumu kwa haki.

Lakini sababu ile ile ya hukumu yaonyesha mpaka wake. Haja ya chakula cha jana imepita. Haja ya marhamu haikupita, ilijificha tu ndani ya kigubiko cha jicho. Lililoanguka mbele ya kadhi halikuanguka mbele ya Mola. Baba asiyejua, au asiyeweza, hana lawama, na wazee wengi wa zamani wamo katika udhuru huo. Aliyeambiwa na tabibu akapuuza, huyo hana pa kujificha.

Atasema mtu kuwa kujitibu katika madhehebu ni sunna, si wajibu, na mwenye kutawakali ana nafasi. Ni kweli kwa mtu mzima na mwili wake. Lakini walii haruhusiwi kutoa sadaka mali ya yatima, hata pishi moja. Vipi basi atatawakali kwa jicho la mwanawe?

Na baba akiwa fakiri kweli kweli, jambo huhamia kwa wenye uwezo wa mji, kwani kuondoa madhara ya Waislamu ni faradhi ya kifaya, na wanavyuoni wamehesabu dawa na tabibu pamoja na chakula na nguo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kulalamika kuwa watu husongamana katika fiqhi na kuuacha utabibu. Malalamiko hayo hayajachakaa.

Hubaki yule mzee. Akiwa hana kitu, nafaqa yake sasa ni juu ya wanawe, na tabibu yumo ndani yake. Kuna kupasuliwa kigubiko, kazi fupi ya kukigeuza nje ili kope zisikwangue tena. Maumivu hupungua, na jicho lisilokwisha kuharibika huhifadhika. Lakini nuru iliyopotea kwa makovu hairudishwi na kupasuliwa huko.