Fundi wa Paa na Mwenye Nyumba

 

Kaskazi ndio wakati wa kuezua na kuezeka. Tangu Januari hata mwisho wa Machi jua huwa kali, mvua huwa haba, na katika kila mtaa wa miji yetu ya pwani husikika nyundo juu ya mabati. Kisha huja Aprili, pepo za kusi huanza, na mvua za mwaka zikapiga. Hapo kila paa husema siri yake, na hapo ndipo huanza maneno mabarazani: fundi fulani ni mwizi, tajiri fulani kamdhulumu fundi, fulani kala fedha za mayatima. Kila mwaka twayasikia maneno haya, tukayachukua kuwa ni khabari za mbao na misumari. Sisi twaona kuwa ni khabari za dini.

Huenda msomaji akashangaa. Lakini na ajiulize: ni mara ngapi amewauliza masheikh juu ya maji ya kutawadhia na juu ya mas-ala ya saumu, na ni mara ngapi, hata mara moja, amewauliza juu ya mapatano baina yake na fundi wake? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mlango mzima wa ijara, yaani kukodi na kuajiri, katika vitabu vile vile tunavyosomea mlango wa Sala. Sisi husoma milango ya mwanzo, tukafunga kitabu, tukaenda zetu sokoni.

Hatusemi haya kwa kuwatazama wengine kutoka juu ya mimbari. Yalitufika sisi wenyewe.

Paa la chuo chetu lilikuwa la mabati ya zamani yaliyoliwa na kutu, maana hewa ya chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Mvua ikinyesha, watoto walikuwa wakihamisha mikeka kutoka pembe hii hata pembe ile. Zikachangwa fedha, nyengine za kina mama wanaouza mahamri alfajiri, na zikawekwa mikononi mwetu kuwa amana. Tukamwita fundi mmoja, ndugu yetu wa safu ya kwanza msikitini. Mmoja wetu alipotaja karatasi, sisi wengine tukamnyamazisha: "Baina yetu hakuna haja ya karatasi, sheikh. Twaaminiana." Fundi akataja bei, tukaitikia, tukasoma Fatiha (maana Fatiha kwetu imekuwa ndiyo saini), tukampa nusu ya fedha kuwa arubuni.

Akaezua. Mabati ya kale yakashuka, chuo kikabaki wazi, na kabla ya kutimia wiki kazi ikasimama. Fundi alikuwa akingoja tulete mbao, misumari na mifereji ya maji. Nasi tulikuwa tukingoja yeye anunue. Alipoitaja ile bei alikusudia mabati na ujira wa mikono yake. Sisi tuliielewa kuwa ni bei ya kila kitu. Tulipokutana kila upande uliapa, na leo, baada ya kutafakari sana, hatuwezi kusema kuwa yuko aliyeapa uwongo. Lakini siku zile hatukusema hivyo. Tulikwenda barazani tukamwita mla amana. Yeye akakasirika, akachukua kazi nyengine upande wa pili wa mji. Mvua za Aprili zikawakuta watoto chini ya turubali. Na mmoja wetu na fundi yule, waliokuwa wakisimama bega kwa bega katika safu ya kwanza, wakawa hawaamkiani. Imamu akisema safu zisawazishwe, fundi husogea hata nguzo ya pili.

Basi kosa lilikuwa wapi? Sharti la ijara ni ujira ujulikane na kazi ijulikane. Bei peke yake haijulishi kitu mpaka ijulikane ni bei ya nini: mabati mangapi, ya unene gani, mbao ni za nani, na ya kale yaliyoshuka yatachukuliwa na nani. Na wengi wetu hata hiyo bei hatuitaji. "Wewe fanya tu, hatutavunjiana heshima." "Tutaelewana." "Wewe si mtu wa mbali." Ni maneno matamu, na ndani yake mna gharari, yaani mtu kuingia katika jambo asilolijua mwisho wake. Wanavyuoni wamesema kuwa ujira usipojulikana mapatano huwa ni fasidi, na kazi ikishafanywa fundi hupewa ujira wa mfano, yaani kile wanachopewa mafundi wenziwe kwa kazi kama ile. Wala asipewe pungufu kwa kuwa ni mtu wa karibu.

Na hapa tuseme neno kwa wenye nyumba za kupangisha. Imekuwa dasturi mpangaji kuambiwa: "Paa lavuja? Litengeneze, hiyo ndiyo kodi yako." Haitajwi miezi mingapi wala fedha ngapi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj mfano huu huu wa nyumba kukodishwa kwa matengenezo yake, akaeleza kuwa haisihi, kwa kuwa kodi haijulikani. Mtu wa Sham, na kama kwamba alipita Kibokoni jana! Na njia ya kuliweka sawa jambo hili si ngumu: kodi itajwe kwa shilingi, kisha mwenye nyumba amuidhinishe mpangaji kutumia kiasi kadha katika hizo kwa ajili ya paa, na risiti ziwekwe.

Ama juu ya karatasi, ndilo jambo linalotuonea haya zaidi. Aya iliyo refu kuliko zote katika Kurani ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, na aya hiyo yahusu kuandikiana deni la muda. Imeamrishwa humo mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, washuhudishwe mashahidi, na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Wengi katika wanavyuoni wamesema kuwa amri hii ni ya kupendekezwa, si ya faradhi, nasi hatutaki kumtia dhambini mtu ambaye Sheria haikumtia. Lakini tazama inaanza kwa kuwaita nani. Yawaita walioamini! Haikuwaita wezi, wala watu wasioaminiana. Basi huyu asemaye kuwa kuandikiana ni kumvunjia mwenzake heshima, na atwambie heshima hiyo ameitoa wapi. Fundi aliyepokea arubuni ana deni la kazi, na mwenye nyumba ana deni la fedha zilizobaki. Ni madeni mawili ya muda, kila moja lafaa kuandikwa.

Wako wanaotegemea kuwa wakikhitilafiana watakwenda kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imeuwekea mpaka uwezo wa mahakama ya Kadhi: mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu walioikubali hukumu yake. Deni la paa halimo. Kadhi aweza kuwasuluhisha kama mzee mwenye hekima, lakini mwenye kutaka hukumu atakwenda mahakama za serikali, huenda ikawa ile ya Madai Madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na huko hataulizwa ni nani aliyesoma Fatiha. Ataulizwa ushahidi wake u wapi.

Na katika kumchagua fundi pia twakosea. Katika Sura ya Al-Qasas yaelezwa khabari ya Nabii Musa alipofika Madyan, na binti wa yule mzee akamshauri baba yake amuajiri, akitoa sababu mbili: ana nguvu, na ni mwaminifu. Nguvu ya fundi wa paa ni ujuzi wake. Sisi huchukua sifa moja tukaiacha ya pili; ama twamchukua hodari tuliyesikia kuwa hutoroka na arubuni, ama twamchukua mcha Mungu asiyejua kuipima mbao. Na Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka pamoja na Abubakar, waliajiri kuwa kiongozi wa njia mtu wa Bani Dil, hodari wa njia za jangwani, naye alikuwa bado katika dini ya makureshi. Walimwamini, wakampa ngamia zao wawili, wakamwekea miadi ya baada ya masiku matatu katika pango la Thaur, naye akaitimiza. Bukhari ameipokea. Basi na mwenye kumkataa fundi stadi kwa kuwa si wa kabila lake, akampa kazi binamu asiyejua, asiseme kuwa afuata dini. Na akijiita kontrakta, si haramu kumuuliza kama ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kuuliza si dhana mbaya.

Hilo la dhana mbaya latutatiza sana. Mtume alipita sokoni akakuta rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye chakula akasema kuwa kilipigwa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Nasi tutie mkono katika rundo! Mabati hupimwa kwa geji, na hesabu yake ni kinyume cha tunavyodhani: namba ikizidi, bati huwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Yuko muuzaji amwambiaye mama mjane, "Nakupa 32 kwa bei ya 28," naye mama akashukuru akidhani amezidishiwa. Huyu na asome Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, asidhani kuwa yawahusu wauza mchele peke yao. Kadhalika msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde ambamo maji hupita. Na mabati hulaliana kwa namna ambayo ukingo wa juu waupa mgongo upepo wa mvua. Fundi avunjaye haya huku akijua, hali mwenye nyumba yuko chini haoni, ameficha umajimaji ndani ya rundo.

Na mwenye nyumba asifurahi kuwa maneno yote ni ya fundi. Imepokewa katika hadithi kudsi ya Bukhari kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wa watu watatu siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuajiri mtu, akaipata kazi kamili, asimpe ujira wake. Nasi twawaona. Paa limekwisha, mbuzi amechinjwa, biriani imepikwa ya watu mia, na mganga kaitwa kuzindika nyumba kwa hirizi zilizofukiwa penye mlango, na fundi aja kila Ijumaa baada ya Sala kudai baki yake, akiambiwa "inshallah wiki ijayo." Neno la kumtegemea Mungu limefanywa kuwa pazia la kukimbilia deni. Zindiko hilo, bid'a na ushirikina wake kando, lamkinga na nini mtu aliyekwisha kumfanya Mola wake kuwa khasimu?

Turudi kwenye chuo chetu. Mvua zilipopungua, wazee wawili walituketisha pamoja na fundi. Tulianza sisi kuomba radhi, kisha tukazunguka kwenye baraza zile zile tulizomsema tukayafuta maneno yetu, na hakika kuzunguka huko kulikuwa kuzito kuliko kuchanga fedha. Kisha tukaandika. Mabati ya geji 28, idadi yake. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, nani atanunua. Misumari na mifereji. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mabati ya kale ni mali ya chuo. Fedha zilizobaki zikagawanywa sehemu tatu: mbao zikifika, mabati yakikwisha kupigwa, na sehemu ya mwisho baada ya paa kujaribiwa na mvua za vuli. Mmoja wetu alitaka iandikwe "mvua ikinyesha." Sheikh akakataa, kwa kuwa muda usiojulikana haufai, na fundi hawezi kungoja mawingu ndipo alishe watoto wake. Ikaandikwa tarehe 15 Novemba, inyeshe isinyeshe.

Ilinyesha kabla ya siku hiyo. Tarehe 15 tulimpelekea fedha zake nyumbani, akazihesabu mbele yetu, akatia saini. Paa halivuji. Wale ndugu wawili sasa huitikiana salamu, lakini yule wa nguzo ya pili bado hajarudi mahali pake katika safu, nasi ndio tuliomsogeza.

Wa billahi 't-tawfiq.