Kazi ya Wengi

Wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili ni kweli. Walakini yafaa tujiulize: mbona watu kumi wakilima shamba moja, mara nyingi kazi yao haifikii kazi ya watu kumi?

Mfaransa mmoja, Ringelmann, mjuzi wa zana za kilimo, alipima jambo hili kwa kuwavutisha watu kamba, akachapisha habari zake mwaka 1913. Watu wanane walipovuta pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu zake za peke yake. Labda msomaji atasema, "Hawakuvuta kwa mpigo mmoja." Hilo nalo limo. Lakini mwaka 1974 wataalamu wa Marekani walimfunga mtu kitambaa machoni, akadhani wenzake wanavuta nyuma yake, kumbe yu peke yake. Hata hivyo nguvu zake zilipungua.

Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tumeyaona hayo. Huko Ismani, Iringa, katika miaka ya mwanzo ya 1970, vilianzishwa vijiji vya ujamaa vyenye mashamba ya pamoja. Mashamba ya namna hiyo, katika nchi nzima, mara nyingi yalitoa mavuno haba kuliko ya nyumbani. Ukame na kuhamishwa kwa amri vilikuwa sababu pia. Lakini mahali palipohesabiwa siku za kufika tu, hodari na mvivu walipata sawa. Na hodari, alipoona hivyo, naye alilegeza mkono.

Tazama sasa ujima wa majirani: kila mtu hukatiwa ngwe yake, na mwenye shamba huiona; kesho ni zamu ya shamba lako. Hapo ni nani atakayelegea? Mwaka 1981 wataalamu waliwaambia watu waliokuwa wakipiga kelele pamoja kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa, ulegevu ukatoweka.

Basi, tumlaumu nani? Mlegevu anayo hatia, kwa kuwa mzigo alioutua umebebwa na mwenzake. Lakini kiongozi achanganyaye kazi ya wote hata isijulikane ya nani, huyo naye amemnyima hodari haki yake. Kukata ngwe si kumshuku mtu, ni kumheshimu. Na wewe, ndugu msomaji, siku ambayo ngwe hazikukatwa, jikatie yako mwenyewe, uimalize.