Hewa ya Sayari za Mbali na Amana ya Ushahidi

Ndugu zetu Waislamu,

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, twapenda kukumbushana jambo moja. Katika miji yetu hii, ikija habari mpya ya mbinguni, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hukanusha kabla halijasoma. La pili husema, "Hayo sisi tulikuwa nayo zamani," nalo pia halijasoma. Sisi twaona yote mawili yamekosa, na mfano wake ni huu.

Iko nyota iitwayo HR 8799, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka 133 ya mwendo wa nuru. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza picha za sayari tatu zinazoizunguka, na mwaka 2010 wakaongeza ya nne. Kila moja ina uzito mara kadha kuliko Mshtarii, iliyo kubwa kupita sayari zote za jua letu. Kuziona ni kazi ngumu, kwani nuru ya nyota huzimeza. Kwa hiyo huiziba nyota ndani ya darubini, hila aliyoianzisha Bernard Lyot wa Ufaransa kwa ajili ya kulitazama jua. Kisha huipokea nuru ya joto la sayari zenyewe, ambazo ni changa na hazijapoa bado.

Nuru hiyo huichambua rangi kwa rangi. Kila aina ya hewa hufyonza rangi zake maalumu, na rangi zilizopungua ndizo zinazoitambulisha. Kwa njia hiyo, mwaka 2013, mvuke wa maji na kaboni monoksidi vilibainishwa wazi katika sayari mojawapo. Na mwaka 2025 darubini ya James Webb, iliyoko angani, ikaonyesha kaboni dioksidi.

Walakini, angalieni na uaminifu wa elimu hii. Mwaka huo huo wa 2008 ilitangazwa sayari nyingine karibu na nyota Fomalhaut, jina la Kiarabu lenye maana ya mdomo wa samaki. Wakaendelea kuitazama, ikawa yafifia na kutanuka. Mwaka 2020 ikaandikwa kwamba yaelekea ni wingu la vumbi lililotokana na mgongano, wala si sayari. Kauli iliyokwisha kuenea duniani haikuonewa haya kusahihishwa.

Je, sisi twafanya hivyo? Mara ngapi twauokota uvumi sokoni, tukaufikisha barazani na hata mlangoni mwa msikiti, na ukidhihiri kuwa ni uongo tukanyamaza? Jina la nyota ile latokana na lugha ya wanazuoni wetu, lakini jina halimrithishi mtu elimu. Wao walikesha wakitazama. Sisi twakesha tukijisifu.

Basi yatupasa kuwasomesha vijana wetu, wa kiume na wa kike, hisabati na elimu ya maumbile. Na sisi wazee tujizoeze kusema "hatujui" tusipojua, na "tulikosa" tulipokosa. Ushahidi ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli wa kauli. Amin.