Bei Isiyo na Mwenyewe

Sisi tufundishao Kiswahili hupenda kulichambua neno kabla ya kulitumia. Neno "bei" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake si kiasi cha fedha bali ni tendo zima la kuuziana: pana muuzaji, pana mnunuzi, na pana kuridhiana. Waislamu wa Muyinga huyasoma hayo chuoni. Basi yafaa tuulize: mkulima wa kahawa wa Muyinga au wa Gitega atajiwapo bei, ameridhiana na nani?

Mbuni haukuenea Burundi kwa hiari ya mkulima. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ilimlazimisha aupande. Mti umesimama kilimani, lakini thamani ya buni zake hutajwa New York, ambako kahawa ya arabika huuzwa na kununuliwa na watu ambao wengi wao hawataigusa hata punje. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyoigawia kila nchi kiwango chake cha mauzo yalivunjika, bei ikaanguka, na mkulima ambaye hakupunguza jasho lake akapunguziwa malipo. Ni nani aliyemdhulumu?

Hapa ndipo mafundisho ya Kikristo tuliyoyazoea yanapopata taabu. Yakobo, katika waraka wake, anawakaripia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Lakini tajiri wa namna hiyo ana shamba, na wavunaji wanaujua mlango wake. Soko la dunia halina mlango. Papa Paulo wa Sita aliliona jambo hili mwaka 1967, alipoandika kwamba kukubaliana peke yake hakuifanyi bei kuwa ya haki, iwapo wanaokubaliana hawalingani nguvu. Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Gitega mwaka 1990, alisema mwaka 2001 kwamba utandawazi wenyewe si mwema wala mwovu, utakuwa vile watu watakavyoufanya. Kauli hiyo ina busara, ila sisi twaiona pole mno, maana haisemi ni watu gani. Wajumbe wa makanisa ya mapokeo ya Calvin, walipokutana Accra mwaka 2004, walinena kwa ukali zaidi kwamba haki katika uchumi ni jambo la imani yenyewe. Walikuwa wameizuru ngome ya Elmina, ambako wafanyabiashara walisali ghorofani huku watumwa wamefungwa chini yao.

Twaupenda mfano huo, na huenda twaupenda kwa sababu ghorofa ile tunaidhania iko ng'ambo. Lakini matunda ya kahawa hayapimwi New York. Hupimwa palepale kilimani, na nabii Amosi aliwakemea waliongoja Sabato iishe ili wakapunje vipimo. Mshika mizani twamjua, pengine husali nasi. Na mishahara yetu walimu kwa miaka mingi ilitoka katika hazina iliyotegemea kahawa hiyo, wala hatukumbuki kuwahi kuuliza mkulima alipata ngapi.